Mgeni hajui, mwenyeji anaona haya: Nani atasema?

 

Ndugu Waislamu, leo tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi tunalilalamikia barazani lakini wachache tunalitafutia dawa. Nalo ni adabu za mgeni, hasa mgeni anayefika kwa mara ya kwanza katika mji wa Waislamu. Mfano wetu utakuwa Bumbuli, katika milima ya Usambara, mkoani Tanga.

Mtu akitaka kwenda Oman, Zanzibar au Lamu kwa mara ya kwanza, huambiwa mapema kuwa huko wanakoishi Waislamu wengi ajisitiri, avue viatu mlangoni, na asile hadharani mchana wa Ramadhani. Lakini anayekwenda Bumbuli huambiwa habari za baridi, misitu, mashamba ya chai na ndege wa porini. Anapanda gari Mombo, anazunguka kona za mlima hadi Soni, kisha anashika njia ya Bumbuli, bila kujua kwamba anaingia katika jamii ambayo saa zake hupangwa na adhana.

Tanzania si nchi ya Kiislamu kwa katiba yake, na Bumbuli si mji wa Waislamu peke yao. Wasambaa wamo Waislamu, wamo Walutheri na wamo Wakatoliki, na mara nyingi wote hao ni watoto wa ukoo mmoja. Hospitali kubwa ya pale ni ya Kanisa la Kilutheri, na Waislamu wanatibiwa humo na kuzalia humo. Hata hivyo, Uislamu umekaa katika mavazi ya watu wa pale, salamu zao, harusi zao na mazishi yao. Mgeni asiyelijua hilo atakosea tu, hata kama moyo wake ni mweupe.

Wageni wenyewe ni wa aina nyingi. Wapo watalii wanaotembea kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji. Wapo vijana kutoka Ulaya wanaokuja kujitolea. Wapo watu wa miradi. Na wapo wageni ambao hatupendi kuwaita wageni, yaani sisi wenyewe, watu wa Dar es Salaam, Tanga na Arusha tunaopanda milimani siku za Idd. Aya na hadithi tutakazozitaja zinawahusu wote hao, na sisi wa mwisho huenda zikatuhusu zaidi.

MILIMA HII INAJUA WAGENI

Kwanza tuelewe kwamba Wasambaa hawakuanza jana kupokea wageni. Vuga, iliyokuwa makao ya wafalme wa Kikilindi, leo imo ndani ya Halmashauri ya Bumbuli. Katika karne ya 19, zama za mfalme Kimweri ye Nyumbai aliyefariki mwaka 1862, mgeni hakuingia Vuga kama anavyoingia sokoni. Alitanguliza habari na kungoja idhini ya mfalme. Mmishonari Johann Ludwig Krapf alifika huko mwaka 1848 na tena mwaka 1852. Waingereza Burton na Speke walifika mwaka 1857. Wote hao, pamoja na elimu yao, walifika kwa Kimweri kwa kufuata utaratibu wa mwenyeji.

Na Uislamu wenyewe ulipanda milima hii ukiwa mgeni. Ulikuja na watu wa Pwani waliokuwa wakifanya biashara na Usambara. Hatudai kwamba kila mfanyabiashara aliyepanda alikuwa mtu mwema, kwani biashara ya utumwa iliwaumiza sana watu wa milima hii, na Muislamu mkweli hafichi jambo hilo. Lakini dini haikai katika nyoyo za watu kwa miaka mingi kiasi hiki kwa sababu ya bidhaa. Wapo waliokuja wakaswali, wakasema kweli, wakaoa, wakafundisha watoto Qur'an, na wenyeji wakawaona. Kwa hiyo adabu ya mgeni ni katika njia zilizotufikishia neema hii ya Uislamu. Mgeni anaweza kujenga dini mahali, na anaweza kuibomoa.

RUHUSA NI KWA AJILI YA JICHO

Tuanze na nyumba. Katika Suratun-Nur (24:27-28), Allah (s.w.) anawakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na wawatolee salamu wenyewe. Kisha anaongeza jambo ambalo wengi wetu hulisahau: tukiambiwa turudi, basi turudi, na hilo ndilo lililo safi zaidi kwetu. Maana yake mwenyeji ana haki ya kusema leo hapana, na mgeni hana haki ya kununa.

Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa ruhusa huombwa mara tatu, na mtu asipopewa aondoke. Na katika hadithi iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim ameeleza sababu yake, kwamba kuomba ruhusa kumewekwa kwa ajili ya jicho. Zingatia hapo, ndugu msomaji. Mtu anaweza asiingize hata unyayo ndani ya nyumba, lakini jicho lake likawa limeshaingia, limeona kitanda, limeona nguo, limeona mwanamke ambaye hajajisitiri.

Sasa kama jicho la kawaida limewekewa sheria, itakuwaje jicho la kamera? Jicho la mtu huona kisha husahau. Kamera haisahau, na siku hizi kila simu ni kamera. Mama wa Bumbuli yupo uani kwake anachambua maharage, khanga imemteleza begani, kwa kuwa yupo kwake na hakutazamia mtu. Mpita njia anasimama juu ya barabara, maana nyumba za milimani mara nyingi huwa chini ya njia na ua wake huonekana wote, anampiga picha na kuendelea na safari. Kabla ya magharibi picha hiyo imeshaonwa na watu wa nchi ambazo mama huyu hajapata kuzisikia. Hakuulizwa, na pengine hatajua maisha yake yote. Hiyo ni sitara ya Muislamu imechukuliwa, na kutojua kwake hakuifanyi halali.

Wala tusidhani kuwa mwenye kosa hili ni Mzungu tu. Tazama simu zetu wenyewe baada ya Idd. Tunawapiga picha bibi zetu jikoni, watoto wa jirani wenye nguo zilizochanika, wazee waliosinzia msikitini, na tunazituma kwenye makundi tukicheka. Nani alitupa ruhusa?

MWENYEJI ALIYEONA HAYA

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha tatizo. Watu husema: "Kama wenyeji wanachukia, mbona hawasemi?" Jibu limo katika Suratul-Ahzab (33:53).

Wanazuoni wa tafsiri wanaeleza kwamba Mtume (s.a.w.) alipomuoa bibi Zaynab bint Jahsh (r.a.) aliwaalika watu karamu. Walipokwisha kula, wengine waliondoka, na wengine wakabaki wamekaa wanazungumza. Mtume (s.a.w.) alitaka waondoke. Alisimama, akatoka, akarudi, akawakuta bado wamekaa. Hakuwaambia kitu, aliwaonea haya. Ndipo Allah (s.w.) alipoteremsha aya kuwafundisha waumini wasiingie nyumba za Mtume mpaka waalikwe, wasikae wakingojea chakula kiive, na wakisha kula watawanyike. Na akabainisha kwamba jambo lile lilikuwa likimuudhi Mtume naye akiona haya kuwaambia, lakini Allah haoni haya katika haki.

Subhanallah! Huyu ni kiongozi wa umma, ndani ya nyumba yake mwenyewe, mbele ya wafuasi wake wanaompenda. Pamoja na hayo alishindwa na haya kumwambia mgeni ondoka. Basi atasemaje mzee wa Bumbuli mbele ya mgeni aliyetoka Ulaya, au mbele ya mpwa wake aliyekuja na gari kutoka Dar es Salaam?

Kwa hiyo kunyamaza kwa mwenyeji si dalili ya kuridhika. Msambaa atakukaribisha, atakupa kigoda kizuri, atacheka nawe, atakusindikiza mpaka njia panda, na moyoni ameumia. Aya hii imemtwika mgeni mzigo wa kujua, isimngojee mwenyeji mpaka avunje haya yake.

BEDUI NDANI YA MSIKITI

Lakini je, mgeni asiyejua kabisa atajuaje? Hapa ndipo wengine wetu tunapokosea upande wa pili, kwa ukali.

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba bedui mmoja aliingia msikiti wa Mtume (s.a.w.) akakojoa humo. Hebu fikiri jambo hilo litokee leo katika msikiti wowote wa mjini. Maswahaba walimkemea na kutaka kumzuia. Mtume (s.a.w.) akawaambia wamuache amalize, kisha akaagiza ndoo ya maji imwagwe mahali pale. Aliwakumbusha maswahaba kuwa wametumwa kurahisisha na hawakutumwa kutia uzito. Na katika mapokezi ya Muslim, alimwita yule bedui akamueleza kwa upole kuwa misikiti haifai kwa uchafu kama ule, bali ni ya kumtaja Allah, kuswali na kusoma Qur'an.

Tazama alivyofanya: akaondoa madhara, akasafisha, na akafundisha. Hakumuaibisha, na wala hakunyamaza kwa kisingizio cha upole. Yule mtu aliondoka akijua alilokuwa halijui.

Binti wa kigeni akipita karibu na msikiti wa Bumbuli siku ya Ijumaa akiwa na kaptura, vijana hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama humzomea, ama humkodolea macho. Wanaozomea wameacha mafunzo ya hadithi hii. Wanaokodoa macho wameacha mafunzo ya Suratun-Nur, ambayo imewaamrisha wanaume kuinamisha macho (24:30) kabla ya kuwataja wanawake katika aya inayofuata. Anayetakiwa hapo ni mama mmoja mwenye hekima wa kumsogelea, kumsalimu, na kumwambia: "Mwanangu, leo ni siku yetu ya swala, chukua khanga hii ujifunge." Khanga moja inatosha kufanya kazi ambayo mzomeo wa vijana ishirini hauwezi.

Mwaka 2021 Serikali ya Zanzibar ilitangaza kuwatoza faini wageni wanaotembea mitaani nusu uchi, na ikawaonya pia watembezaji wanaowaacha hivyo. Kuweka sheria ni haki ya nchi. Lakini sheria hufika baada ya kosa, na mafundisho hufika kabla yake. Kule Bumbuli hakuna askari wa kutoza faini kila njia, wala hatumhitaji iwapo anayemleta mgeni atafanya kazi yake.

MGENI MWENYE FEDHA

Lipo jambo zito zaidi. Wageni wengi hawaji mikono mitupu. Wanakuja na msaada: dawati, dawa, ada ya mtoto, bati za madrasa. Allah awalipe kheri wote wanaosaidia. Suratul-Mumtahana (60:8) haitukatazi kuwatendea wema na uadilifu wasio Waislamu ambao hawakutupiga vita kwa ajili ya dini, na wema hupokewa kwa wema.

Lakini fedha inapoingia, haya ya mwenyeji huongezeka maradufu. Mzazi ambaye mwanawe amelipiwa ada hawezi kukataa mwanawe asipigwe picha. Mwalimu wa madrasa aliyeletewa mabati hawezi kusema watoto wasipangwe mstari kuimba mbele ya kamera wakati wa swala ya alasiri. Hapo ruhusa inayoombwa si ruhusa tena. Ruhusa ni pale ambapo mtu anaweza kusema hapana na bado akabaki na kile alichopewa.

Allah (s.w.) ametuonya katika Suratul-Baqara (2:264) tusizibatilishe sadaka zetu kwa masimango na maudhi. Picha ya maskini inayozungushwa ili watu wajue nani amemsaidia, ina tofauti gani na masimango?

NA SISI WA MJINI JE?

Ndugu zangu, sasa tujitazame. Msomaji wa gazeti hili wa Kariakoo, Ilala au Ngamiani pengine amekuwa akitikisa kichwa kukubali, akidhani anasemwa mtalii. Lakini nani aliyemzidi mtalii kwa kujiona amefika kwao hata asihitaji adabu?

Kwanza, chakula. Tunafika, tunaletewa makande au ugali na mboga za majani, watoto wetu wanakunja uso na sisi tunacheka: "Hawa wamezoea chipsi." Mtume (s.a.w.) hakupata kukitia kasoro chakula hata mara moja. Akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Hii imo katika Bukhari na Muslim.

Pili, muda. Mtume (s.a.w.) amesema kuwa anayemuamini Allah na Siku ya Mwisho amkirimu mgeni wake, na kwamba ugeni ni siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka. Hapo ndipo wengi huishia kuisoma. Lakini hadithi inaendelea: si halali kwa mgeni kukaa mpaka amtie mwenyeji wake katika dhiki. Bibi anachinja kuku wa kwanza, wa pili, wa tatu, na banda linabaki tupu, kisha sisi tunashuka mlimani tukisema tulikula vizuri. Wahenga wamesema mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji gani anapona kwa namna hii?

Tatu, msikiti. Hapa ndipo penye maumivu makubwa. Kijana amesoma vitabu viwili mjini, ametoa mifuko kumi ya saruji, basi akifika kijijini anamsogeza imamu mzee na kuongoza swala yeye. Baada ya swala anasimama kutangaza kuwa maulidi yao ni batili na khitma zao ni batili, mbele ya watoto waliofundishwa na mzee huyo. Sizungumzii hapa nani ana hoja yenye nguvu katika masuala hayo, wanazuoni wamekwishayajadili. Nazungumzia adabu. Katika Sahih Muslim, Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kumswalisha mwenzake mahali penye mamlaka ya mwenzake, au kukaa mahali pake pa heshima nyumbani kwake, isipokuwa kwa idhini yake. Hadithi hiyo haikumtoa mtu aliyechangia saruji.

Tena mzee huyo huenda alifundisha juzuu amma kwa miaka thelathini bila mshahara, kwa mwanga wa kibatari, wakati wa baridi ya Juni ambayo wewe unaikimbia kwa siku tatu tu. Kama ipo haja ya kumkumbusha jambo, Suratun-Nahl (16:125) imetaja hekima na mawaidha mema. Mfuate nyumbani kwake, omba ruhusa, kaa chini, mwamkie, muulize. Huenda ukamfundisha, na huenda ukafundishwa.

TUSEME NINI, NA NANI ASEME

Ikiwa mgeni hajui na mwenyeji anaona haya, basi wajibu unamwangukia aliye kati yao. Huyo ni mtembezaji, dereva, mwenye nyumba ya wageni, mfanyakazi mwenzake wa hospitali, au ndugu wa mjini anayemleta rafiki yake. Yeye anajua lugha za pande zote mbili. Kunyamaza kwake hakuna udhuru.

Amwambie mgeni wake kabla gari halijafika Soni:

Salamu kwanza. Usiulize njia wala bei kabla hujamsalimu mtu, na salamu ya pale haiishi kwa neno moja. Utaulizwa habari za nyumbani, za watoto na za safari, nawe uliza. Mzee mwamkie shikamoo, awe tajiri au maskini.

Mwanamke wa Kiislamu asipokupa mkono hajakudharau. Weka mkono kifuani, inatosha. Na wewe mwanamke mgeni, mwanamume asipokupa mkono hajakutukana.

Jisitiri mabega na magoti, uwe mwanamume au mwanamke. Khanga uitie ndani ya mkoba.

Vua viatu mlangoni. Kula na kupokea kwa mkono wa kulia. Ukiletewa chai, onja hata kidogo, kwani kuikataa kabisa humvunja moyo mwenyeji.

Msikitini usiingie bila kumuuliza imamu. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi katika Pwani yetu, asiye Muislamu anaweza kuingia msikiti usiokuwa Msikiti Mtukufu wa Makka kwa idhini ya Muislamu. Basi omba idhini hiyo, na usipite mbele ya anayeswali.

Mwezi wa Ramadhani usile wala usivute sigara njiani mchana. Hakuna atakayekupiga, lakini uungwana ni huo. Jeneza likipita, simama na uweke kamera chini.

Na picha: uliza, ngoja jibu, na ukiona mtu anasitasita lihesabu hilo kuwa ni hapana. Mtoto muombee kwa mzazi wake.

Maneno hayo hayazidi robo saa ya safari. Wageni wengi wakiambiwa hufurahi, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili anayependa kuwa kichekesho cha mji. Wasemavyo wahenga, mgeni ni kuku mweupe. Kila mtu anamuona, na yeye mwenyewe anajijua kuwa anaonwa.

Na mwenyeji naye ana sehemu yake. Nabii Ibrahim (a.s.) alipojiwa na wageni asiowafahamu aliitikia salamu yao, akaenda kwa ahli zake kimya kimya, akaleta ndama aliyenona na kumsogeza mbele yao (51:24-27). Hakuanza kwa kuwauliza dini yao. Tuwapokee wageni hivyo, tusiwageuze kuwa mfuko wa kuombea fedha, na tusiwafundishe watoto wetu kukimbilia magari wakiomba pipi na kalamu. Izza ya Muislamu ni sehemu ya adabu yake kwa mgeni.

Ndugu Waislamu, mgeni atashuka kutoka Bumbuli na kurudi kwao. Huenda hatafungua Mas-hafu maishani mwake. Alichokiona kwa yule mama wa khanga, kwa yule imamu aliyemkaribisha, na kwa yule dereva aliyemueleza mambo kwa upole, hicho ndicho Uislamu atakaousimulia. Na sisi wa mjini tutashuka mlima huo huo, na wazee wetu watabaki ama wakituombea dua, ama wakishukuru kwamba tumeondoka.

Tunamuomba Allah (s.w.) atupe haya yenye heshima na ulimi wenye hekima, atusitiri aibu zetu kama tunavyotakiwa kuwasitiri wengine, na atujaalie kuwa wageni wema katika dunia hii, ambayo sote tu wapitaji ndani yake. Amin.